Udongo Uliofagiwa

Kulthum alirudi kutoka stesheni ya Thika peke yake, bila Bwana Afya, akaingia kwa mlango wa uani, na kabla hajavua viatu akaona mtaro wake umefukiwa.

Haukuwa umefukiwa wote. Kutoka jikoni ulikuwa wazi kama alivyouacha alfajiri, mabomba ya udongo yamelala ndani, moja limeingiza shingo katika jingine, yakiteremka polepole kuelekea nyuma ya kiwanja. Mwisho wake pia, penye shimo la kunyonya maji, ulikuwa wazi. Lakini hapo katikati, chini ya dirisha la chumba alicholala mumewe Hassan, pale ulipopanuliwa ili ijengwe chemba ya kutazamia mabomba, palikuwa pamejaa udongo. Udongo umekanyagwa ukashikana. Na juu yake umefagiwa.

Kufagiwa ndiko kulikomtisha. Mtu mwenye haraka hutupia udongo akaenda zake. Huyu alikuwa ametulia, akachukua ufagio, akapitisha mistari myembamba iliyopinda, kama mtu anayengoja wageni wa Idi.

Watu wote wa mtaa wa Majengo walilijua sharti la kanso, yaani baraza la mji: mtaro wa maji machafu usifukiwe mpaka Bwana Afya auone kwa macho yake. Lilikuwa limepigwa chapa nyuma ya ramani ya Kulthum, karibu na mhuri, na alikuwa amelisoma hata angeweza kulisema usingizini. Bwana Afya angekuja na kioo, atazame ndani ya mabomba kutoka upande mmoja hadi wa pili. Angeziba mwisho wa chini, ajaze maji, kisha akae kitako aone kama yanashuka. Yakitulia, kazi ni njema, na kikao cha kanso cha kesho kutwa kingempa leseni ya kufungua tena hoteli yake. Yakishuka, au mtaro ukikutwa umefukiwa, hakuna leseni mpaka kikao kingine, baada ya mvua.

Nyumba yake haikuwa na uwezo wa kungoja mvua. Tangu lilipotoka agizo kwamba hakuna nyumba ya chakula itakayomwaga maji ya vyombo njiani, hoteli ilikuwa imefungwa na sufuria zimefunikwa. Hassan alikuwa ameacha kazi ya kiwanda cha ngozi kwa sababu ya kifua, na kifua hakikuonyesha nia ya kumwacha yeye. Kanso ilikuwa imesema kwamba kwa kikao hiki itaruhusu hoteli moja tu katika ule mstari wa nyumba. Maombi yalikuwa mawili. La Kulthum ndilo lililotangulia, lakini asipokuwa tayari leseni ingekwenda kwa Salehe, jirani wa nyumba ya pili, ambaye mabomba yake yalikwisha kupita, na ambaye kila asubuhi alimsalimu kwa upole uliomkera.

Kulthum akatazama ua wa mabati wa Salehe. Kimya. Kimya chenyewe akakitilia shaka.

Miaka ile ya Hali ya Hatari watu walikuwa wamejifunza kuuliza, kwa jambo lolote dogo, nani amelifanya na nani alimwona akilifanya. Kulthum alikuwa ameyajua hayo kabla ya Hatari. Alitia alama kwenye chupa ya mafuta ya taa. Aliukumbuka uso wa kila aliyewahi kumwambia "usiwe na wasiwasi".

Aliingia ndani. Mama mkwe wake, Bi Amida, alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni mwa chumba cha mwanawe, tasbihi mkononi. Bi Amida alikuwa mwanamke wa Mumias, aliyeletwa Thika ujanani na mume mpishi wa reli, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukubali kwamba Thika ni kwao.

"Mama, umemwona mtu uani?"

"Sikumwona mtu."

"Hata sauti hukusikia?"

"Nilikuwa na yangu," akasema Bi Amida, akavuta punje nyingine ya tasbihi.

Kulthum hakumwuliza zaidi. Mgongo wa Bi Amida ulikuwa umemshinda tangu Ramadhani. Hata maji ya kutawadha aliletewa.

Akarudi uani, akauzunguka ule udongo. Kwa nini pale tu? Mtu anayetaka kumharibia angefukia mtaro wote, au angevunja mabomba kwa jiwe akamaliza. Huyu alichagua mahali. Na hapo ndipo Kulthum alipomkumbuka fundi wake, Opiyo, na bomba lenye ufa.

Mabomba yalikuwa yamekuja na lori kutoka Ruiru, yamepangwa katika nyasi. Moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kulthum alilinyooshea kidole mbele ya dereva. Opiyo akacheka, akasema litarudi. Opiyo alicheka kwa kila jambo, na Kulthum hakuwaamini mafundi wanaocheka. Siku iliyofuata bomba halikuonekana tena. Lilirudi Ruiru, au liliingia ardhini? Na mtu akitaka kuficha bomba moja katika mtaro mzima, si atafukia pale pale lilipo?

Alipokuwa bado anawaza, Opiyo akafika na mfuko wake wa vyombo. Nyuma yake alikuja mchimbaji wake, Githinji, mtu mrefu mwenye maneno machache. Githinji alikaa kijiji kipya ng'ambo ya mto Chania, kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, na kila asubuhi alivuka daraja kwa kumwonyesha askari wa lango pasi ambayo Opiyo alikuwa amemwombea kwa taabu. Aliibeba ndani ya kopo la tumbaku ili jasho lisiilowanishe.

Opiyo alisimama mbele ya ule udongo. Kicheko chake kilianza, kisha kikakatika.

"Mama, mmefukia?"

"Nani amefukia, fundi?"

"Si nakuuliza wewe."

"Na mimi nakuuliza wewe."

"Mimi natoka kulala. Githinji hapa hata chai hajaonja."

"Lile bomba lenye ufa liko wapi?"

Opiyo aliweka mfuko chini. "Lilirudi Ruiru."

"Nani aliliona likirudi?"

"Wewe mama, ukifa utamwuliza malaika kipande chake cha kazi."

"Nitamwuliza. Nijibu."

"Githinji, lete jembe," Opiyo akasema. "Tufukue, aone bomba lake, tumalize maneno."

"Usiguse," akasema Kulthum. "Ukifukua hivi hivi utatoa bovu utie zima, na Bwana Afya hatajua. Utafukua mbele ya shahidi. Namwita Kaleli."

Githinji, aliyekwisha kuinua jembe, alilirudisha chini taratibu, bila kulitupa.

"Kaleli askari?" Opiyo aliuliza. "Kwa bomba? Mama, mwite Salehe, mwite imamu, mwite mtu yeyote anayevaa suruali. Askari akiingia ua wa watu siku hizi hajui kutoka."

"Mwenye bomba zima hana haja ya kumwogopa askari."

"Sio mimi ninayemwogopa," akasema Opiyo, lakini Kulthum alikuwa ameshatoka.

Kaleli, askari wa kanso, alikaa katika kibanda cha mwisho wa njia, na kazi yake ilikuwa kuwakamata watu wanaomwaga maji machafu na mbuzi wanaozurura. Alikuwa Mkamba mnene, mwenye mwendo wa mtu anayejua kwamba atangojwa. Alisikiliza habari ya bomba lenye ufa huku akimalizia kiazi, akavaa kofia, akamfuata Kulthum akiwa na furaha isiyofichika. Asubuhi yake ilikuwa imepata maana.

"Fukua," alimwambia Githinji.

Udongo ulikuwa laini. Githinji alichimba kwa uangalifu ili asigonge mabomba, akiutoa udongo kidogo kidogo na kuuweka pembeni. Kulthum alisimama juu yake, macho kwenye jembe. Aliyasubiri mabomba. Badala yake jembe liliingia katika kitu kilicholia chwa, kama nyama mbichi, na maji yakaruka.

Githinji akaacha.

"Endelea," akasema Kaleli.

Githinji hakuendelea. Opiyo ndiye aliyeinama akapangusa kwa mikono. Kando ya mabomba, limelazwa kwa urefu wa chemba, palikuwa na shina la mgomba. Lilikuwa limekatwa juu na chini, likaviringishwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikafungwa upande wa kichwa na upande wa miguu, kama anavyofungwa maiti.

Ndani, Hassan alikohoa, akanyamaza.

Wakati ule, katika nchi ile ya Wakikuyu, hakuna aliyeuona mgomba mahali pasipo pake bila kufikiria kiapo cha siri cha waasi. Watu walikuwa wakinong'ona juu ya malango ya migomba yanayosimamishwa ndani ya nyumba zenye giza, na juu ya waliopitishwa chini yake. Wengine walikuwa wamechukuliwa kwa lori kwa sababu ya jani tu lililokutwa nyuma ya mlango. Kaleli alirudi nyuma hatua moja. Aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya shauri la bomba.

"Mtu asisogee. Nani mchimbaji hapa?"

Kaleli alikuwa anamjua. Githinji ndiye aliyeshika jembe.

"Ni mimi, afande."

"Pasi."

Githinji akafungua kopo la tumbaku, akatoa karatasi iliyokunjwa, akampa. Kaleli hakuisoma. Aliitia katika mfuko wa shati lake, akafunga kifungo.

"Mimi sijui hii kitu," akasema Githinji. "Mtaro nilichimba. Kufukia, hapana."

"Mkikuyu, jembe, mgomba umevikwa sanda. Unataka nifikirie nini, harusi?"

"Afande, daraja hufunguliwa jua likiwa nje," Opiyo akasema. "Mama alitoka hapa alfajiri, mtaro uko wazi. Huyu angefika saa ngapi?"

"Hawa hupita mtoni kama mamba. Na wewe uliyemwombea pasi, jina lako litaandikwa karibu na lake. Kaa chini, wewe. Mikono kichwani."

Githinji akakaa kwenye rundo la udongo, mikono kichwani. Opiyo akamgeukia Kulthum, akasema polepole, "Haya. Shahidi wako huyo."

Kulthum hakumsikia vizuri. Alikuwa anatazama kitambaa. Udongo ulikuwa umekichafua, lakini penye fundo la chini maji ya mgomba yalikuwa yamekiosha, na hapo ukingo wake ulionekana: mistari miwili ya kijani, na katikati yake mmoja mwembamba wa manjano. Ulikuwa ukingo wa kikoi cha Hassan. Alikuwa amekifua kikoi hicho kwa mikono yake miaka na miaka.

Kabla hajafungua kinywa, kengele ya baiskeli ililia mlangoni.

Alikuwa Mburu, msaidizi wa Bwana Afya, ambaye watu wa Majengo walimwita Bwana Afya tu kwa kuwa Bwana Afya mwenyewe, Mzungu, hawakumwona kamwe. Alihudumia Thika na Ruiru pamoja. Kulthum alikuwa amempigia hodi ofisini, kisha akamfuata kwa treni mpaka Ruiru, akamkuta upande wa Gatongora akipima kwa fimbo mashimo ya vyoo vya kijiji kipya. "Nina vyoo vya watu wote hawa, mama," alimwambia bila kuinua kichwa. "Mtaro wako uache wazi, utangoja." Na mtaro ukangoja, mdomo wazi, siku nenda siku rudi, chini ya dirisha la Hassan.

Leo alikuwa amesema atakuja kwa treni ya kwanza. Amekuja kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa vibanio, viatu vinang'aa juu ya vumbi. Alimtazama Githinji aliyeketi mikono kichwani, akayaondoa macho haraka. Mburu naye alikuwa Mkikuyu, mwenye kazi ya serikali, na alijua vizuri watu wanavyowatazama Wakikuyu wenye kazi ya serikali. Tangu Hatari ianze hakuna aliyemsikia akisema Kikuyu njiani.

Kaleli akamweleza. Mburu alisikiliza, akachuchumaa, akautazama mgomba bila kuugusa.

"Sikilizeni," alisema aliposimama. "Mimi ni wa mabomba. Kama huu ni mkono wa adui, hilo ni shauri la polisi, wala si kosa la mwenye nyumba. Nitapima maji yangu, nitaandika niliyoyaona, na kesho kutwa kanso itasoma. Lakini kama ni mkono wa nyumba hii, basi kazi imefukiwa na mwenyewe kabla ya kukaguliwa. Mabomba hutolewa yote, ramani hurudi ofisini, na tunaanza upya." Akamgeukia Kulthum. "Mwenye nyumba anasemaje?"

Lilikuwa swali la wazi, na njia rahisi ilikuwa imefagiwa mbele yake.

"Ngojeni nimwangalie mgonjwa," akasema Kulthum.

Bi Amida alikuwa pale pale mkekani. Kulthum alimpita, akaenda kwenye sanduku la nguo, akafukua mpaka chini. Kikoi kilikuwepo, kimekunjwa vizuri. Alikikunjua. Kilikuwa nusu.

"Mama," alisema, "nusu ya pili iko wapi?"

Punje za tasbihi zilisimama.

"Wameutoa?"

"Wameutoa."

"Basi waurudishe. Jua halijafika juu, jambo halijaharibika."

"Kwa nini, mama?"

"Kwani wewe huna macho?" Bi Amida hakupandisha sauti. "Mmechimba shimo la urefu wa mwanangu, chini ya dirisha la mwanangu, na yeye kalala hapa hawezi kugeuka. Kila siku nakuuliza, hawa wanalifukia lini, nawe unaniambia Bwana Afya, Bwana Afya. Shimo linamjua Bwana Afya? Kwetu shimo la namna hiyo halilali wazi. Likikosa mtu hupewa mgomba, likanyamaza."

"Na mgongo?"

"Mgongo unauma. Uliuma nilipokata, uliuma nilipofukia. Ningemwambia nani anisaidie, wewe?"

"Ulisema hukumwona mtu."

"Nilimwona nani?"

Kitandani Hassan alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nilisikia jembe," alisema alipopata pumzi. "Nikadhani mafundi."

Nje ya dirisha sauti ya Kaleli ilikuwa inauliza jina la baba yake Githinji, na la kijiji, na la nani analala naye nyumba moja. Bi Amida aligeuza sikio.

"Nani anaulizwa hivyo?"

"Githinji, mchimbaji."

"Amefanya nini?"

"Wanasema mgomba ni wake."

"Mgomba ni wangu," akasema Bi Amida, akashika mlango ili ainuke.

Kulthum alimwekea mkono begani. "Kaa, mama." Mama mkwe akakaa, na Kulthum hakuuondoa mkono.

Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji tu kukaa humu ndani kidogo. Kaleli angeondoka na mtu wake, Mburu angejaza maji, maji yangetulia, karatasi ingeandikwa. Kesho kutwa hoteli ni yake. Na huyo Githinji, nani anamjua? Mtu asiyesema. Mtu anayeficha karatasi katika kopo. Nani ajuaye anafanya nini jioni ndani ya kile kijiji chao? Watu wakimya ndio hao hao wanaosemwa.

Wazo hilo lilimkaa vizuri, na ndipo alipotishika. Tangu asubuhi yote yalikuwa yamemkaa vizuri. Salehe alimkaa. Opiyo alimkaa, na ufa wake, na kicheko chake. Kila mtu wa Majengo alikuwa na sababu ya kufukia mtaro wake, isipokuwa yule mmoja aliyeufukia. Na Kaleli hakuja uani kwa miguu yake mwenyewe. Kulthum ndiye aliyemfuata kibandani.

Aliondoa mkono begani mwa mkwe wake, akachukua nusu ya kikoi, akatoka.

"Mgomba ni wetu," alisema.

Kaleli alimtazama kwa huruma. "Mama, usijitie katika haya. Amekutisha?"

"Saa ngapi, na wewe umesimama katikati?"

"Watu wa mjini mna tabia ya kuwaficha hawa. Mnawapa chai, mnawahurumia, kesho mnachomewa nyumba."

"Njoo uone." Kulthum aliinama mtaroni, akaiweka nusu yake kando ya nusu iliyofungwa mgombani. Mistari ya kijani ikakutana na ya kijani, ya manjano na ya manjano. "Kikoi cha mume wangu. Mkwe wangu amekikata. Sasa twende nyuma ya bafu."

Nyuma ya bafu, pale maji ya kuogea yalipolisha migomba, Kulthum alipiga teke majani makavu. Kisiki kilikuwa bado kinatoka utomvu. Kaleli alikigusa kwa kidole, akakinusa kidole.

"Na bibi mzee wa Kiislamu anaapisha watu?"

"Naapisha nani?" Bi Amida alikuwa ametoka. Alikuwa amejikongoja mpaka uani akiegemea ufagio, ule ufagio wenyewe. "Wewe, mtoto wa Machakos. Kwenu mkichimba kaburi, maiti akapelekwa kuzikwa kwingine, shimo lile mnalifanyaje? Mnaliacha limekodoa macho?"

Kaleli aliirekebisha kofia yake.

"Nijibu, una mama wewe."

"Kuna kitu hutiwa," akasema Kaleli, hakupenda.

"Kitu gani?"

"Mgomba." Alilisema akitazama upande wa njia.

Alifungua kifungo cha mfuko, akatoa pasi, akamrudishia Githinji kama anayemkopesha. "Jina ninalo," alisema. "Na la baba yake." Kisha akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza.

Mburu alikuwa amengoja kando ya mtaro. Sasa alitoa kioo chake, akakishusha ndani ya chemba, akakielekeza bomba la juu, kisha la chini. Hakuwa na sababu ya kufanya hivyo tena. Alimwita Kulthum kwa kidole.

"Tazama."

Kulthum akatazama. Ndani ya kioo paliwaka duara la mwanga, safi, pande zote sawa, bila mstari, bila unywele. Nyuma yake alimsikia Opiyo akikusanya vyombo vyake kimoja kimoja.

"Kazi nzuri," Mburu akasema. "Sikuwahi kukataa kazi nzuri kama hii." Akaandika kwenye ramani, akaipeperusha wino ukauke, akamkabidhi. Kulthum alilisoma neno bila kubadilisha uso. Lilikuwa moja tu: imekataliwa.

"Mkilitoa bomba na kulirudisha," Bi Amida alimwuliza Mburu, "shimo mtaliacha wazi tena?"

"Sharti linasema liwe wazi, mama."

"Mpaka lini?"

Mburu alivuta vibanio vya suruali yake. Alimtazama Githinji, safari hii akamtazama kweli, kisha mgomba. "Sharti linasema liwe wazi," alisema tena. "Halisemi liwe tupu." Akapanda baiskeli yake kurudi Ruiru.

Kikao kilipita. Salehe akapewa leseni, akafungua hoteli, na wafanyakazi wa viwandani wakahamisha viti vyao nyumba ya pili. Baada ya siku chache Salehe alikuja kumwomba Kulthum amkaangie mandazi, maana ya mpishi wake yalikuwa magumu. Kulthum alilitafuta baya katika ombi hilo mchana kutwa, hakulipata, akakubali huku bado analitafuta.

Maombi mapya yalipopigwa mhuri alimtumia Opiyo salamu. Hakudhani atakuja. Alikuja asubuhi, mfuko begani, bila kicheko.

"Nilikuita mwizi," akasema Kulthum.

"Hukuniita. Ulimwita askari, aniite yeye."

"Ndiyo."

"Bomba la ufa liko kwa dereva. Ukitaka nitakupeleka ukalione."

"Sitaki kuliona."

"Unataka," akasema Opiyo, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukatikisika kidogo.

Githinji alifika baadaye, kopo la tumbaku mkononi. Hakumsalimu kwa jina. Alisimama mlangoni mwa ua, akatazama njia mpaka mwisho wake, kwenye kile kibanda cha Kaleli.

"Mama, leo tuko sisi peke yetu?"

"Peke yetu, Githinji."

"Chai umeweka?"

"Iko motoni."

"Mimi sitakunywa," alisema, bila hasira, akateremka mtaroni.

Chini ya dirisha Bi Amida alikuwa amekwisha kulaza shina jipya la mgomba katika chemba, limevikwa nusu iliyobaki ya kikoi, wazi kabisa, mtu yeyote alione. Githinji aliliruka bila kulikanyaga.

Kwa desturi yake Kulthum angesimama pale juu, mikono kiunoni, akihesabu kila bomba linalotoka na kila linaloingia. Aliingia jikoni, akaurudisha mlango. Akatia mikono katika unga wa mandazi ya Salehe, akakanda. Jembe lilikuwa linalia nje, sawasawa, mara kwa mara. Kisha likanyamaza.

Aliisikia sauti ya chini ya mtu akisema neno, na mwingine akijibu. Jembe halikurudi. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka aliposimama, na kitasa alikiona. Alisukuma mikono ndani ya unga mpaka kwenye vifundo, akaibakiza humo, akangoja jembe lilie.